Okidi ya Chui Katika Baridi ya Karen



Juma lililopita tuliletewa barua na mama mmoja, mzaliwa wa Kwale, ambaye sasa ni mwaka wa pili anaishi Karen, magharibi ya Nairobi, alikohamia kwa sababu ya kazi ya mumewe. Mwezi wa Januari nduguye alimpandishia kutoka nyumbani fungu kubwa la okidi, ile yenye maua ya manjano yaliyotapakaa madoa ya kahawia mfano wa ngozi ya chui. Fungu lilibanduliwa juu ya mbuyu, likatiwa katika gunia, likasafiri usiku kucha. Mama akalipokea kwa furaha kubwa, akalipanda ndani ya chungu kizuri chenye udongo mweusi na samadi, akaliweka ukumbini mbali na upepo, akawa akilinywesha maji kila asubuhi. Sasa ni Julai. Majani yamegeuka rangi, mashina matatu yamelainika kama ndizi iliyopita kuiva, na pale chini pananuka. Anauliza mambo mawili: kwanza, mmea umepatwa na nini, pili, je, amwambie nduguye amletee fungu jingine, pamoja na mawili ya jirani zake walioliona la kwanza wakalitamani?

Swali la kwanza ni jepesi. La pili ndilo lililonifanya niiweke kando makala ya mirehani niliyokuwa nimeahidi.

Tuanze na mmea wenyewe. Wataalamu huuita Ansellia africana. Jina hilo ulipewa mwaka 1844 na John Lindley wa Uingereza, kwa kumkumbuka mtunza bustani John Ansell aliyeuona mwaka 1841 katika kisiwa cha Fernando Po, ambacho leo chaitwa Bioko. Lakini makao yake si kisiwa hicho peke yake. Umeenea kutoka Afrika Magharibi hadi kwetu, na kuteremka mpaka Afrika Kusini. Mashina yake ni marefu, manono, yenye mafundo mithili ya miwa membamba, na hukaa pamoja kwa makumi katika fungu moja. Ndani ya mashina hayo ndimo unamoweka akiba yake ya maji na chakula kwa ajili ya kiangazi.

Wako watu wengi huku pwani wanaouona juu ya mwembe wao wakaupanguza kwa panga, wakidhani ni kirukia. Hivyo sivyo. Kirukia hupenyeza mizizi yake ndani ya tawi, kikanyonya maji ya mwenyeji wake mpaka tawi likadhoofika. Okidi hii haipenyezi kitu. Mti kwake ni kama paa la nyumba kwa njiwa: mahali pa kukaa penye mwanga na hewa. Mizizi yake ni ya namna mbili. Iko inayolala juu ya gome na kulishika kwa nguvu, na iko mingine myeupe, myembamba, iliyosimama wima kama sindano nyingi zilizochomekwa pamoja. Hiyo ya pili hufanya kitu kama tenga. Majani makavu yaangukayo, vumbi la upepo na mavi ya ndege hunaswa humo, yakaoza polepole, yakawa ndiyo riziki ya mmea. Mizizi yote miwili imevikwa ganda jeupe mfano wa sponji, ambalo hunywa maji ya mvua kwa dakika chache, kisha hukauka na kuvuta hewa.

Sasa msomaji atazame tena chungu cha mama yetu. Mizizi iliyozoea kukauka baada ya kila mvua imefukiwa ndani ya udongo mzito, udongo ukachanganywa na samadi, na juu yake maji kila siku. Mmea haukufa kiu wala njaa, umekabwa pumzi.

Tena si udongo peke yake. Lau chungu kile kile kingekuwa Diani, huenda mmea ungejivuta mwaka mzima kabla ya kuoza, kwa kuwa joto na upepo wa bahari hukausha chungu upesi. Karen iko juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,800 hivi. Kuanzia Juni hadi Agosti mawingu hushuka yakakaa. Hupita siku kadhaa bila jua kuonekana sawasawa, na usiku nyuzijoto hukaribia 10, ambapo pwani usiku wa baridi kabisa ni nadra kushuka chini ya 20. Maji unayotia Jumatatu hukuta yangaliko Jumapili. Aghalabu baridi peke yake haiui okidi ya chui, maana jamii yake huonekana hata bara, katika nyanda zilizopanda zaidi ya mita 1,000. Kiuacho ni baridi na umajimaji vikikutana pamoja, hasa kwa mmea uliokulia ufukweni na kupandishwa milimani kwa usiku mmoja.

Basi afanye hivi, tena asingoje Ijumaa nyingine. Autoe mmea chunguni, auoshe udongo wote kwa maji ya vuguvugu mpaka mizizi ionekane. Mizizi iliyo migumu aiache. Iliyo laini na tupu ndani aikate. Kisha achukue kisu kikali, akipitishe juu ya moto, akate kila shina lililooza mpaka afikie nyama ngumu, safi, isiyo na doa la kahawia. Kila anapomaliza shina moja akipitishe kisu motoni tena, la sivyo atakuwa akiuchukua ugonjwa huku na kuupeleka kule. Juu ya majeraha apake mdalasini wa unga, ule ule wa pilau: hukausha kidonda na kuzuia kuvu. Ila auweke kwenye jeraha tu, usiguse mizizi mizima, kwa sababu utaikausha nayo. Mwisho aufunge mmea kwa kamba na kuutundika mahali pakavu penye mwanga, bila tone la maji, siku tano hadi saba. Najua moyo utamuuma kuuona ukining'inia hivyo. Auache.

Na mashina yasiyo na majani, maadamu ni magumu, asiyakate. Wengi huyadhani ni maiti. Kumbe ni ghala. Mmea uliopoteza mizizi utaishi kwa akiba ya mashina hayo hadi utakapotoa mizizi mipya.

Juu ya kupanda upya, sisi watu wa pwani tuna bahati, kwani kitu kilicho bora kwa kazi hii tunakitupa jalalani: makumbi ya nazi. Yakatwe vipande vya ukubwa wa kisanduku cha kiberiti. Yasiwe yale yaliyofukiwa ufukweni kwa ajili ya usumba, maana yamekunywa chumvi ya bahari. Na hata yaliyo ya kawaida ni vyema kuyaloweka katika maji baridi siku tatu au nne, maji yakibadilishwa kila siku. Yachanganywe na vipande vya mkaa wa ukubwa wa kungumanga, sehemu sawa kwa sawa, na chini kabisa ziwekwe kokoto. Chungu kiwe cha udongo, chenye matundu mengi, tena kiwe kidogo kuliko mtu anavyotamani. Chungu kikubwa huweka maji mengi yasiyo na mnywaji. Bora zaidi ni kikapu cha vijiti vya mbao kinachotundikwa. Kitako cha mashina kikae juu ya makumbi, kisifukiwe, na mmea wote ufungwe kwenye kijiti ili usitikisike, kwa maana ncha za mizizi michanga hukatika kwa mtikisiko mdogo tu.

Ukumbini si mahali pake. Autoe barazani upande wa mashariki, chini ya ukingo wa paa, ambapo jua la asubuhi litaupiga mpaka yapata saa nne na mvua ya Julai haitaufikia. Majani yenyewe yatamwambia kama amepata. Yakiwa ya kijani kizito na kulegea, mwanga ni haba. Yakiwa ya kijani chenye umanjano kidogo, yamesimama imara, amepata. Yakitoka mabaka ya kahawia makavu upande unaotazama jua, yameungua, na amsogeze kidogo kidogo.

Maji ndipo watu wengi wanapopotea, kwa sababu huruma ya mlezi hupimwa kwa kopo. Kutoka sasa hadi mwisho wa Agosti, kunyunyiza mara moja kila siku kumi kunatosha, tena asubuhi ya siku yenye jua, kamwe si jioni. Na atumie maji ya mvua. Nyumba nyingi za Karen hutegemea visima virefu vilivyochimbwa kwa mashine, na maji ya visima vya Nairobi yanajulikana kwa wingi wa floraidi na magadi. Yakikauka juu ya mizizi huacha ukoko mweupe, na ncha za majani zikawa nyeusi. Pipa moja chini ya mfereji wa paa litamtosha kwa okidi zake zote.

Joto likirudi na machipukizi mapya yakaanza kutoka kando ya mashina ya zamani, hapo mambo hugeuka. Sasa mmea unataka maji mara mbili au tatu kwa juma, na mbolea ya maji iliyopunguzwa nguvu hadi robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, kila juma la tatu likiwa la maji matupu ili kuosha chumvi. Samadi isirudi tena chunguni. Shina jipya likishakomaa na kutimiza majani yake, apunguze maji tena, aongeze mwanga, auache mmea uone kiangazi. Ni kiangazi hicho kinachouita uue. Mshipa wa maua hutoka kwenye ncha ya shina, kwa hiyo anayepogoa ncha ili mmea "unenepe" amekata maua yake kwa mkono wake. Wadudu si wengi: vijidudu vyenye magamba vifutwe kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, na konokono watafutwe usiku kwa taa, kwani hupenda kula ncha za mizizi.

Nimefika kwenye swali la pili, na jawabu langu ni la. Asimwagize nduguye, wala asiwaagizie jirani.

Sisemi hivi kwa kumlaumu ndugu, ambaye alimtumia dada yake aliye ugenini kitu cha kwao, na hiyo ni hisani isiyo na mfano. Lakini tuangalie hesabu ilivyokwenda. Lilibanduliwa moja. Kabla halijatoa hata ua, limekwisha kuitisha matatu mengine, nalo lenyewe linaoza. Hiyo ndiyo habari ya okidi hii kila mahali. Huuzwa kandokando ya barabara ikiwa ndani ya magunia, hununuliwa kwa maua yake, hufia chunguni kwa udongo na maji mengi, na mnunuzi akarudi kutafuta nyingine akiamini ya kwanza ilikuwa mbovu. Mara nyingine tawi zima hukatwa ili kulifikia fungu, na mara nyingine mti wenyewe. Shirika la kimataifa linaloorodhesha viumbe walio hatarini, IUCN, liliitia okidi ya chui katika orodha hiyo mwaka 2013, na ung'oaji ni miongoni mwa sababu.

Wala fungu kubwa halirudishiki upesi. Mbegu ya okidi ni vumbi. Kitumba kimoja hubeba maelfu kwa maelfu, lakini hakuna hata moja iliyo na chakula cha kuanzia maisha. Sharti iangukie kwenye gome ambalo tayari lina kuvu ya aina inayokubaliana nayo, na kuvu hiyo ndiyo huinyonyesha mpaka ipate jani. Zinazofanikiwa ni chache mno, na huchukua miaka kabla ya kuchanua. Kwa hiyo lile fungu kongwe juu ya mbuyu si moja kati ya mengi. Mara nyingi ndilo mama wa mtaa mzima, linalomwaga mbegu juu ya miti ya jirani, na kwa kuwa ndilo kubwa na zuri, ndilo linalobanduliwa kwanza.

Mwenye kudhani kwamba tunatia chumvi na atazame kwingine. Kinywaji cha sahlab, ambacho wengi wetu tulikionja kwa jamaa waliotoka Misri au Uturuki, asili yake ni unga wa viazi vya okidi za ardhini, na okidi hizo zimepungua sana zilikokuwa zikichimbwa. Nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, viazi vya namna hiyo vilikuwa vikichimbwa na kuvushwa kwenda Zambia, ambako hupikwa chakula kiitwacho chikanda. Na kulinda maua hayo ni sababu mojawapo ya Kitulo, wenyeji waiitayo Bustani ya Mungu, kufanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Huku kwetu, kaya za Mijikenda zimehifadhi miti yake karne nyingi kwa miiko ya wazee, na nyingi zimo katika orodha ya urithi wa dunia tangu 2008. Kuchukua mmea humo, au ndani ya hifadhi kama Shimba Hills bila kibali, ni kosa pia mbele ya sheria. Na wale wenye wana Muscat, Dubai au London wajue kwamba okidi zote, za mwituni na za bustanini, zimo katika mkataba wa CITES: kwa kawaida hazivuki mpaka bila hati, hata zikiwa zawadi, na maafisa wa forodha hawasikilizi habari za undugu.

Je, jirani wa Karen wakose? La. Fungu la mama yetu likipona, baada ya miaka miwili au mitatu laweza kugawanywa. Hungojwa machipukizi mapya yaanze kutoka, kisha fungu hukatwa kwa kisu kilichopitishwa motoni, kila sehemu ikibaki na mashina yasiyopungua matatu au manne. Majeraha yakapakwa mdalasini na kuachwa yakauke siku chache kabla ya kupandwa. Hiyo ndiyo zawadi ya kumpa jirani.

Asiyeweza kungoja na anunue mmea uliooteshwa bustanini. Wauza miche wa Ngong Road na Langata ni wengi, na miongoni mwao wako mahodari wanaoijua kazi. Mnunuzi na aulize mmea umetoka wapi, kisha aamini macho yake zaidi ya jawabu. Uliobanduliwa mwituni una mizizi iliyokatika kwa mkupuo, vipande vya gome la mti vimeng'ang'ania kitakoni, majani ya zamani yana matundu na madoa, na pengine ndani ya gunia hakuna miwili inayolingana. Uliooteshwa una mizizi iliyozunguka kwa kufuata umbo la chungu, nao husimama pamoja na wenziwe wa rika moja. Kiko pia Chama cha Okidi cha Kenya, ambacho maonyesho yake ya Nairobi ni mahali pazuri pa kuiona mimea iliyolelewa na kuzungumza na walezi wenyewe.

Lakini mimi ningemshauri dada yetu jambo jingine zaidi. Mcheza kwao hutunzwa. Karen ina okidi zake, zilizozaliwa katika baridi ile ile inayoisumbua ya chui. Iko Aerangis thomsonii, na iko Rangaeris amaniensis, ambayo jina lake limetoka Amani kule Usambara, mkoani Tanga, hata ikawa kama jamaa wa pwani aliyetangulia kuhamia. Zote mbili zina majani magumu na maua meupe yenye mkia mrefu mwembamba nyuma. Mchana hazina maneno. Jua likizama hutoa harufu, na mwanamke aliyelelewa kwenye vikuba vya asumini ataitambua thamani yake kabla ya mtu kumwambia. Harufu hiyo ni mwito kwa nondo wakubwa wa usiku, wenye ulimi mrefu wa kufikia mbochi ulio mwisho wa ule mkia. Charles Darwin, alipoletewa okidi ya jamaa hii kutoka Madagaska mwaka 1862, yenye mkia wa karibu sentimita 30, alisema lazima yuko nondo mwenye ulimi wa urefu huo; wakamcheka. Nondo akatangazwa mwaka 1903, Darwin amekwisha kufa miaka zaidi ya ishirini.

Hizi nazo zisitolewe Msitu wa Ngong Road wala Oloolua. Hakuna haja. Viwanja vya Karen vinagawanywa na miti mikongwe inaangushwa kupisha nyumba mpya, na baada ya dhoruba matawi huanguka yenyewe. Okidi iliyo juu ya tawi lililolala chini itakufa pale isipookotwa. Aombe ruhusa ya mwenye kiwanja, alikate tawi pamoja na kipande kinachoshikwa na mizizi, asiibandue. Kisha akifunge kipande hicho kwa vitambaa vya soksi kuukuu kwenye mti wa kwake, mjakaranda au mparachichi au mzeituni mwitu, upande unaopata jua la asubuhi, urefu wa kichwa cha mtu. Mkaratusi haufai, kwa kuwa huvua gome lake na mgeni akaanguka nalo. Wakati wake ni mwanzo wa mvua za vuli, na hadi mizizi mipya ilishike gome inyunyiziwe maji ya mvua kila asubuhi isiyo na mvua. Vitambaa vifunguliwe baada ya mwaka, pole pole, kuanzia cha chini.